Mwongozo kamili: jinsi ya kubuni chumba cha nakshi cha zamani kwa ajili ya mhusika wako (tunatumia chumba cha Bi Rukia, Unguja 1886)

Michoro mingi imepita mikononi mwangu, ya wanaoandika hadithi za picha, wanaojenga seti za tamthilia na vijana wanaotengeneza gemu, na karibu wote wanakwama palepale. Wanataka chumba cha tajiri wa zamani wa pwani, basi wanaweka nakshi mlangoni, nakshi ukutani, nakshi darini, nakshi mpaka kwenye kijimeza cha kahawa, alafu ukiuliza nani anaishi humu hakuna jibu. Chumba kimekuwa mapokezi ya hoteli.

Kwa hiyo tutafanya kimoja mwanzo mpaka mwisho, mimi nikiwa na wewe. Mhusika wetu tumembuni: Bi Rukia, mjane, anaishi ghorofa ya juu ya nyumba ya mawe pale Kiponda, Unguja mjini, mwaka 1886. Ukielewa chumba chake utaweza kubuni cha mhusika wako hata kama ni wa Mombasa au Pate.

## Utakavyohitaji

- Karatasi za grafu, penseli mbili (moja ngumu ya vipimo, moja laini ya kivuli), raba
- Rula ndefu, bikari inayokaza vizuri isiyoteleza, na tepu ya kupimia
- Daftari, na kikokotoo cha simu
- Picha 10 mpaka 15 za vitu halisi ulizopiga mwenyewe kama unaweza kufika Mji Mkongwe, Lamu au Mombasa, au picha za makumbusho zinazosema kitu kimetoka wapi
- Maboksi makubwa yaliyokatwa na gundi, ya majaribio
- Kama unafanya kwenye kompyuta, Blender inatosha na ni ya bure, ila hatua 1 mpaka 4 fanya kwa mkono kwanza tafadhali

Picha za mtandaoni zisizo na maelezo kaa nazo mbali. Ndo humo mtu anachukua kiti cha Morocco, taa ya Uturuki na mlango wa Unguja anavitia chumba kimoja, na mzaliwa wa pwani akitazama mara moja tu anajua.

## Hatua ya 1: Andika daftari la pesa la mhusika

Usichore bado. Andika pesa imetoka wapi, imeisha lini, na nani anadai. Samani za nakshi zilikuwa ghali na zilinunuliwa mtu anapokuwa nazo, kwa hiyo ukijua miaka ya neema unajua na miaka ya samani.

La Bi Rukia liko hivi. Kazaliwa Lamu, kaolewa Unguja 1858. Mume alikuwa na shamba la mikarafuu na alikuwa akitia pesa kwenye safari za kuleta pembe za ndovu kutoka bara. Miaka hiyo nyumba inajaa. Alafu Aprili 1872 kikapiga kile kimbunga kilichoangusha mikarafuu mingi sana ya Unguja, na mkarafuu ukipandwa upya unachukua kama miaka 7 au 8 kuanza kuzaa, yani mume amekaa muda wote huo anakopa kwa wafanyabiashara wa Kihindi huku shamba ni miche mitupu. Amefariki 1879. Mwaka 1886, Sultani Seyyid Barghash bado anatawala, Bi Rukia ana jina kubwa, nyumba kubwa, na deni.

Umeona sasa? Chumba kimesimama 1872. Vitu vizuri vyote ni vya kabla ya hapo, na vingine vimeshauzwa. Hiyo peke yake imeshatupa chumba ambacho hakiwezi kuwa cha mtu mwingine.

Utajua umefaulu kama kwa kila kitu unachotaka kukiweka unaweza kujibu: nani alilipa, kilikuja na chombo gani, mwaka gani. Zulia la Kiajemi lilikuja na jahazi za kaskazi. Kitanda kimetoka India. Saa na vioo vimekuja na meli za Wazungu au Wamarekani, ambao walikuwa na mkataba wa biashara na Unguja tangu 1833. Kitu kisichojibika, kitoe.

## Hatua ya 2: Tengeneza orodha ya marufuku

Kwa 1886 hakuna umeme kwa Bi Rukia. Beit al-Ajaib imejengwa 1883 na ndo jengo linalokumbukwa kwa kuwa la kwanza kupata taa za umeme pale mjini, sasa usimpe mjane wa Kiponda kitu cha jumba la sultani. Yeye ana taa za mafuta na kandili. Hakuna feni, hakuna sofa za mito mikubwa, na kanga yenye jina lililoandikwa kwa herufi za Kirumi bado kabisa.

Fanya hii mapema maana kitu kimoja cha mwaka mwingine kinaharibu kazi ya wiki tatu.

## Hatua ya 3: Chora boksi la chumba, na uanze na boriti

Hapa ndo wengi wanaanguka. Wanachora chumba cha mraba, mita sita kwa sita, kikubwa kama ukumbi wa harusi. Nyumba za mawe za pwani dari lake linabebwa na boriti za mikoko, na boriti ya mkoko iliyonyooka vizuri haiendi mbali, kwa hiyo upana wa chumba unakaa kwenye mita 2.5 mpaka 3 hivi. Urefu ndo unaweza kwenda utakavyo. Chumba cha pwani ni chembamba na kirefu, ukikosea hilo hata uweke nakshi ya dhahabu haitasaidia.

Cha Bi Rukia tunakipa upana wa sm 270, urefu wa sm 750, na kimo cha sm 350 ili hewa ipande. Kuta ni za mawe ya matumbawe na chokaa, zipe unene wa sm 50 au zaidi. Boriti zinalala kukatisha upana, sio kwenda na urefu. Mimi naweka boriti moja kila sm 30, kwa hiyo 750 gawa kwa 30 unapata boriti 25. Zichore zote, na usizifanye kuwa sawasawa kama mabomba, kila moja ina unene wake na kibonge chake.

Angalizo: kama ni seti ya jukwaani utataka upanue ili waigizaji wapite. Usipanue. Toa ukuta mmoja mrefu, watazamaji waangalie kutoka upande huo. Kuna kikundi nilikisaidia waling'ang'ania upana wa mita tano, na usiku wa kwanza yule mama aliyetakiwa kuonekana amebanwa na deni alikuwa anatembea kama yuko uwanjani. Walirudisha mita tatu, bila kugusa mistari ya mchezo hata mmoja, na ile hali ikaja yenyewe.

## Hatua ya 4: Ukuta mweupe kwanza, vidaka baadae

Paka chumba chote chokaa nyeupe, kitazame kitupu. Weupe huu ndo unaobeba nakshi zote zitakazokuja, ukiuchafua kwa mapambo kila kona jicho linakosa pa kupumzika na hakuna kitu litakachokiona.

Alafu kata vidaka, yani vishubaka vya ukutani vya kuwekea vyombo, kwenye ukuta mrefu. Sayyida Salme, binti wa Sultani Seyyid Said, kwenye kumbukumbu zake zilizotoka 1886 (mwaka uleule wa Bi Rukia!) anaeleza vyumba vya Unguja vya namna hii, vyembamba, vyeupe, vyenye vidaka virefu kuta zote, ndani yake mbao zilizopakwa kijani, na juu yake vyombo vya kioo na sahani nzuri nzuri. Mimi hicho kijani nakitumia bila kusita.

Hesabu yake: ukuta wa sm 750, acha sm 75 kila mwisho, zinabaki 600. Kidaka kimoja sm 80, ukuta katikati yao sm 50. Vidaka vitano ni 400, mapengo manne ni 200, jumla 600. Imekaa. Usichore vidaka kwa macho, fanya hesabu kwanza, kwa sababu kidaka cha mwisho kikija chembamba kuliko wenzake kila atakayetazama atahisi kuna kitu hakiko sawa hata asipojua ni nini.

Angalizo kubwa: ule ukuta mzima wa vidaka vidogo vidogo vilivyochongwa kwa chokaa, vimepangana safu juu ya safu, huo ni wa Lamu na Pate zaidi. Ni kazi nzuri mno, lakini usiuhamishie Kiponda kwa sababu tu umeupenda. Kama mhusika wako anaishi Lamu, hapo sawa, uweke tena kule ndani kabisa ya nyumba, sio ukumbini ambako kila mgeni anapita.

## Hatua ya 5: Chagua sehemu tatu tu za nakshi

Tatu. Cha Bi Rukia ni mlango, kitanda na kiti. Vingine vyote ni vya kawaida: mkeka, zulia moja, kasha la shaba shaba, chetezo cha udi, mrashi wa kunyunyizia marashi, kioo kikubwa na saa ya ukutani. Ukitaka kuongeza ya nne, toa moja.

## Hatua ya 6: Kitanda cha samadari

Nakipitia haraka maana kina shida moja tu, watu wanakichora kifupi. Samadari ni kirefu kwenda juu, mtu anapanda kwa kijingazi au kwa kiti, na chini yake pana nafasi ya kulala mtoto au yaya. Weka pa kulalia sm 90 kutoka sakafuni, nguzo nne ziende mpaka sm 210, chandarua cheupe juu. Upana sm 150, kisukume ukutani, inabaki njia ya sm 120. Nakshi iweke kichwani na kwenye nguzo, pembeni acha mbao inayong'aa.

## Hatua ya 7: Kiti cha enzi, polepole

Hiki ndo kitu nakipenda kuliko vyote na ndo kinachoharibiwa kuliko vyote. Watu wakisikia "kiti cha enzi" wanachora kiti cha mfalme wa Ufaransa, miguu imepinda, simba mkononi, velveti nyekundu. Kiti cha enzi cha Waswahili ni mistari iliyonyooka. Mbao nyeusi ya mpingo, paneli zilizosukwa kwa uzi, vipande vidogo vyeupe vya mfupa au pembe vimetiwa kama njumu, yani vimezamishwa kwenye mbao, na pa kuwekea miguu panatokeza mbele. Utukufu wake uko kwenye unyoofu huo.

Na Bi Rukia kakipataje? Hakukinunua. Kimekuja na jahazi kutoka Lamu, urithi wa mama yake. Mwaka 1886 Unguja ni kiti cha kizamani, na ndo maana anakikalia yeye, sio mgeni.

Vipimo ninavyotumia:

1. Kimo chote sm 120, pa kukalia sm 48 kutoka chini, upana sm 66, kina sm 55. Chora boksi hilo kwanza, bila kitu ndani.
2. Mihimili ya fremu unene sm 4.5. Toa mihimili miwili ya pembeni kwenye 66, unabaki na 57 kwa ndani ya mgongo.
3. Gawa mgongo kwa nguzo mbili nyembamba za sm 3. 57 toa 6 ni 51, gawa kwa tatu, kila paneli sm 17. Zikitoka sawa, nusu ya kazi imekwisha.
4. Tia uzi. Toboa fremu ya paneli tundu kila sm 1, piga uzi wima, ulale, kisha mishazari pande zote mbili. Kwenye mchoro chora paneli moja kwa ukamilifu, zingine nakili. Uzi wa pamba mnene ndo unaokaa vizuri, kamba ya nailoni inang'aa na taa za jukwaani zinaisema.
5. Njumu ziweke pale mihimili inapokutana na katikati ya mikono, pembetatu na almasi za sm 1 au 1.5. Sio kila mahali. Nyeupe kidogo juu ya nyeusi nyingi.
6. Pa miguu patokeze mbele sm 25, kimo sm 12. Watu wanapasahau hapa, na bila hapo ni kiti tu.

Angalizo: ukikitengeneza kweli, pembe ya ndovu usiitafute wala usiulizie, biashara yake ya kimataifa ilipigwa marufuku 1989 na tembo wametosha kuumia. Mfupa wa ng'ombe uliochemshwa na kusuguliwa unafanana sana, na kwa jukwaani hata plastiki ya ndoo ya maziwa iliyosuguliwa msasa inatosha. Mpingo nao ni ghali na mgumu, chukua mbao laini, ipake nyeusi yenye ukahawia ndani, isiwe nyeusi ya tairi.

Utajua umefaulu ukikitazama mbele kikaonekana kama mlango uliofungwa. Kinamfanya mtu akae wima atake asitake.

## Hatua ya 8: Nakshi ya mlango

Siri ya nakshi ni kipande kimoja kinachojirudia. Ukishapata hicho kipande umepata mlango.

Chora mraba wa sm 7. Ndani yake piga duara la nusu kipenyo sm 3. Bikari usiibadilishe upana hata kidogo, weka ncha kwenye mstari wa duara, piga tao, hamia pale tao lilipokata, piga tena, zunguka hivo mpaka urudi ulipoanzia. Utapata ua la petali sita, na nusu sentimita imebaki kila upande kwa ajili ya mnyororo wa pembeni. Nimelifundisha hili kwa watoto wa darasa la tano na wanalipata, kinachowashinda wakubwa ni bikari kulegea katikati ya kazi, ndo maana nilisema ile inayokaza.

Sasa fremu. Mguu wa fremu sm 210, gawa kwa 7, vipande 30. Kizingiti cha juu usikipe upana wowote tu, kipe sm 105, ili utoke na vipande 15. Kwa nini 15? Kwa sababu ni witiri, haigawanyiki kwa mbili, kipande cha nane kinaangukia katikati kabisa, juu ya mfaa, ule mwimo wa katikati unaofunika mbao mbili zinapokutana. Ua la katikati na mfaa vikilingana, mlango unasimama. Ukiweka vipande 14 katikati panakuwa na ufa kati ya maua mawili, na mlango mzima unaonekana umekaa upande.

Kwenye pembe mbili za juu, mnyororo usiukate ghafla. Weka ua kubwa zaidi, la sm 10, liwe fundo pale mistari inapokutana. Mafundi wa zamani waliheshimu pembe.

Umbo la kizingiti ni la maana. Kilichonyooka juu ni mtindo wa kale, unaosemwa wa Kiarabu. Kilichopinda nusu duara na majani mengi ya kujikunja kinaonyesha mkono wa Kihindi na kilikuja kushika baadae. Chumba chetu kimesimama 1872 na ni mlango wa ndani, nimechagua ulionyooka.

Waongozaji wa watalii watakwambia mnyororo maana yake hivi, samaki maana yake hivi, kwa uhakika mkubwa sana. Sikiliza, furahia, lakini hadithi yako yote usiitundike kwenye maana hizo, zinabishaniwa.

## Hatua ya 9: Kizeeshe chumba kwa mkono wa mtu mmoja

Usipake vumbi kila mahali. Uzee wa chumba unafuata mwili wa anayekaa humo, na madeni yake.

Mkono wa kulia wa kiti umeng'aa kuliko wa kushoto, maana ndo anaoegemea akisimama. Paneli moja ya mgongo uzi wake ni mweupe kuliko zingine, ulikatika ukasukwa upya. Kioo kikubwa kina madoa meusi pembeni, hewa ya bahari imekula zebaki. Saa ya ukutani inakwenda kwa saa zetu, kwa hiyo ukichora jua linazama, mishale yote miwili iko kwenye kumi na mbili.

Na kidaka cha tatu hakina kitu. Sahani kubwa ya Kichina iliyokuwa humo imeuzwa. Miaka yote ile moshi wa taa na udi ulikuwa unapaka ukuta rangi ya chai hafifu, ila nyuma ya sahani haukufika, kwa hiyo pamebaki duara jeupe, safi, la sm 35. Bi Rukia hajalipaka chokaa. Mgeni anayekaa chini mkekani macho yake yanatua hapo moja kwa moja, na mkopeshaji anapokuja kuhesabu vilivyobaki anaanzia palepale.

Hiki kidaka kitupu kinafanya kazi kuliko nakshi zote za hatua ya 8, lakini kinaweza kufanya hivo kwa sababu vidaka vinne vingine vimejaa na ukuta ni mweupe. Ukiweka vitatu vitupu inakuwa nyumba iliyohamwa.

## Hatua ya 10: Jaribu kabla ya kumpelekea fundi

Kata maboksi kwa vipimo vyenyewe, gundisha umbo la kiti, kiweke sakafuni. Chora kwa chaki upana wa sm 270 na kitanda cha 150. Tafuta mtu mwenye kimo cha mhusika wako akae, ainuke, aende mlangoni, arudi.

Angalia miguu. Bi Rukia ni mfupi, na kwenye pa kukalia pa sm 48 miguu yake haifiki sakafuni, inatua pale pa miguu. Kama mtu wako miguu inaning'inia, pandisha pa miguu sm 2, jaribu tena. Kama magoti yamepanda juu, shusha. Fanya hivo mpaka atulie bila wewe kumwambia atulie, ndipo uandike vipimo vya mwisho kwa kalamu na umpelekee seremala, pamoja na karatasi ya nakshi ya ukubwa halisi, sio iliyopunguzwa, ili aibandike kwenye ubao na patasi ifuate mstari wako.